Tomi: Kijana Aliyegeuka Swala

Mwaka huu wahariri wa jarida letu wametutaka tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Najua wengi watakimbilia wafalme, marais na wapigania uhuru, na sina ubaya nao. Mimi nimemchagua mtu ambaye jina lake hutajwa kila siku nchini Kenya na watu wasiojua kwamba wanamtaja mtu. Jina lenyewe ni tomi.

Kabla sijamfikia, hebu tupige jicho kidogo hapa mtaani. Asubuhi dereva wa matatu anaingia kituo cha petroli kando ya Jogoo Road, anaitisha dizeli. Dizeli ni jina la mtu. Ni Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyebuni injini ya aina hiyo, kisha mwaka wa 1913 akatoweka usiku melini akiwa safarini kwenda Uingereza. Jioni tunawasha balbu ya wati 60. Wati ni James Watt wa Scotland, yule fundi wa injini za mvuke. Volti ni Alessandro Volta wa Italia, aliyetangaza betri yake mwaka wa 1800. Waingereza wana maneno mengi ya namna hii, nasi tukayapokea, tukayatia irabu mwishoni, basi yakawa Kiswahili.

Na mitaa yetu je? Mbotela ni Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa mwaka wa 1952. Ofafa ni Ambrose Ofafa, kiongozi wa Waluo jijini, aliyeuawa mwaka uliofuata. Kimathi ni Dedan Kimathi, aliyenyongwa Kamiti mwaka wa 1957. Lakini makanga akining'inia mlangoni akiita Mbotela, Mbotela, beba, hakuna abiria anayefikiria mtu. Wote wanafikiria stage.

Basi turudi kwa tomi. Wale waliokwenda na chama cha wanyamapori katika Mbuga ya Nairobi, ambayo iko ng'ambo tu ya Mombasa Road, wamemwona. Ni swala mdogo, rangi ya kahawia, tumbo jeupe, na ubavuni ana mstari mweusi kama aliyechorwa kwa brashi. Mkia wake mweusi hautulii hata dakika moja. Mwenzake mkubwa asiye na mstari mzito namna hiyo huitwa swala granti. Waelekezaji wa watalii huyataja majina haya kama vile sisi tunavyotaja ng'ombe na mbuzi. Kumbe granti ni James Grant, Mskoti aliyesafiri na Speke kutoka pwani hadi mto Nile kati ya mwaka wa 1860 na 1863. Na tomi ni kifupi cha Thomson. Huyu ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Joseph Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Scotland. Baba yake alikuwa mwashi wa mawe ambaye baadaye alipata machimbo yake mwenyewe. Joseph alifanya kazi katika machimbo hayo na huko ndiko alikoanza kupenda habari za mawe na miamba. Akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea jiolojia. Wakati huo Scotland nzima ilikuwa ikizungumza habari za Livingstone, na kijana huyu naye alikuwa na hamu ya Afrika.

Mwaka wa 1878 Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilikuwa likitayarisha safari ya kutoka pwani ya Tanganyika hadi maziwa makuu. Mkuu wa safari alikuwa Keith Johnston, Mskoti aliyekuwa mchoraji wa ramani. Thomson aliandikwa kuwa msaidizi wake. Safari ilianza Dar es Salaam mwaka wa 1879. Haikupita muda mrefu Johnston akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akafa mwezi wa Juni pale Behobeho. Thomson alikuwa na umri wa miaka 21. Hebu fikiria, msomaji, kaka yako aliyemaliza shule juzi juzi ameachwa porini na msafara wa watu zaidi ya mia moja, hajui lugha vizuri, na aliyemleta amezikwa.

Angeweza kurudi pwani na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Akaamua kuendelea. Lakini hapa ni lazima tuseme jambo ambalo vitabu vingi hulipita mbio mbio. Mnyapara wa msafara huo alikuwa Chuma, yule yule aliyekuwa mtumishi wa Livingstone, ambaye pamoja na Susi na wenzao waliubeba mwili wa bwana wao hadi Bagamoyo. Chuma alikuwa ameijua bara na safari zake kabla Thomson hajamaliza shule. Alijua kuongea na machifu na kugawa posho, na wapagazi walimsikiliza. Thomson akafika ziwa Nyasa, akafika ziwa Tanganyika, akarudi pwani mwaka wa 1880 bila kupigana vita na mtu. London wakamshangilia sana. Chuma alifariki miaka miwili baadaye.

Mwaka wa 1881 Sultani Barghash wa Unguja alimwajiri Thomson atafute makaa ya mawe karibu na mto Ruvuma. Akaenda, akachunguza, akarudi kusema ukweli kwamba mawe yale hayakuwa makaa ya kufaa. Sultani hakufurahi hata kidogo. Thomson akafunga virago akarudi kwao.

Sasa inakuja safari iliyomfanya awe swala. Shirika la Jiografia lilitaka mtu atafute njia fupi kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria, kupitia nchi ya Wamaasai. Wazungu waliiogopa nchi hiyo. Lakini wafanyabiashara Waswahili wa Pangani na Mombasa walikuwa wameizoea. Walikwenda huko kwa miaka mingi kununua pembe za ndovu, wakibeba nyaya za shaba, shanga na nguo za kulipia hongo.

Thomson aliondoka pwani mwezi wa Machi 1883. Alikuwa na baharia wa Malta aliyejulikana kama James Martin, wanyapara kama Muhinna na Makatubu, na wapagazi zaidi ya mia moja. Katika kitabu chake aliwasema vibaya sana wapagazi hao, akiwaona kama takataka ya Unguja. Msomaji akumbuke kwamba mpagazi mmoja alibeba mzigo wa karibu kilo 30 kichwani au begani, miguu mitupu, jua kali, kutoka alfajiri.

Walifika Taveta, wakauzunguka mguu wa mlima Kilimanjaro, wakamtembelea Mandara, mtawala wa Moshi. Walipoingia Umaasaini mambo yakawa mabaya. Mjerumani mmoja, Gustav Fischer, alikuwa amepita mbele yao na msafara wake ukapigana na Wamaasai. Damu ilikuwa imemwagika na morani walikuwa na hasira. Thomson aliona akikaa atauawa yeye na watu wake. Usiku, kukiwa na giza, msafara ukarudi kimya kimya hadi Taveta. Yeye mwenyewe akashuka tena pwani kuongeza watu na bidhaa.

Wengine wanaona kurudi nyuma ni aibu. Mimi naona ndiyo akili yake kubwa. Wasafiri wengi wa zama zile, mkiwasoma habari zao, walipita kwa bunduki. Thomson hakupenda njia hiyo, naye anasifiwa mpaka leo kwamba hakujipatia njia kwa kuua wenyeji. Haraka haraka haina baraka, nasi twalijua hilo tangu darasa la kwanza.

Aliporudi mara ya pili hakwenda peke yake. Alijiunga na msafara wa Jumba Kimameta, tajiri wa pembe kutoka Pangani, mzee aliyekuwa amepita njia zile mara nyingi. Kwa hivyo yule tunayeambiwa alivumbua njia alikuwa akifuata nyayo za Mswahili aliyeijua njia. Wakapita Ngong, ambapo misafara ilizoea kusimama na kununua chakula kutoka kwa Wakikuyu. Nairobi haikuwapo. Hapa tunapokaa sisi, Makadara, Maringo na Buru Buru, hapakuwa na mji wa aina yoyote, na reli haikufika mpaka mwaka wa 1899.

Kutoka Ngong wakaenda Naivasha. Hapo Thomson akaachana na Kimameta kwa muda, akakata kuelekea Laikipia ili auone mlima Kenya kwa karibu. Safu ya milima ambayo wenyeji huiita Nyandarua akaipa jina la Aberdare, kwa heshima ya Lodi Aberdare, rais wa Shirika la Jiografia. Aliyekuwa akiketi London akapewa milima ambayo hajaikanyaga! Na yale maporomoko ya mto Ewaso Narok, yenye urefu wa mita zaidi ya 70, yakaitwa Thomson's Falls. Hata mji uliokua hapo uliitwa hivyo kwa miaka mingi kabla ya kuitwa Nyahururu.

Wamaasai walimsumbua si haba. Walitaka hongo, walimshika nywele, walimtaka avue viatu waone vidole vyake. Ili aheshimiwe, akajifanya mganga, laiboni wa kizungu. Alikuwa na meno mawili ya bandia. Aliyang'oa mbele ya watu, akayarudisha, watu wakaduwaa. Pia alichukua maji, akatia unga wa Eno, maji yakachemka bila moto. Eno hiyo ndiyo ile ile tunayouziwa dukani kwa pakiti ndogo tukivimbiwa na maharagwe, na hata Eno ni jina la mtu, James Crossley Eno, mwuza dawa Mwingereza. Waliosoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, riwaya ya Haggard iliyotafsiriwa na F. Johnson, watakumbuka mtu mwenye meno ya bandia anayewatisha wenyeji. Riwaya hiyo ilitoka mwaka wa 1885, mwaka ule ule kilipotoka kitabu cha Thomson.

Kicheko hiki kina upande wake. Wamaasai hawakuwa wajinga. Mtu yeyote ambaye hajawahi kuona meno yakitoka na kurudi atashtuka, hata mimi ningeshtuka. Na nadhani hongo waliyodai ilikuwa haki yao. Sisi tukipita barabara mpya ya kulipia pale Mombasa Road tunatoa pesa na hatusemi kwamba mwenye kibanda ni mshenzi.

Kutoka ziwa Baringo alielekea magharibi mpaka Kavirondo, na mwezi wa Desemba 1883 akafika ufuo wa ziwa Victoria. Akaliona, akageuka. Njiani kurudi alipita mlima Elgon na kuona mapango ambamo watu walikaa na ng'ombe wao. Tarehe 31 Desemba 1883, siku ya kufunga mwaka, alimpiga risasi nyati. Akadhani amekufa, akamkaribia. Nyati akainuka, akamrusha juu na kumjeruhi vibaya paja. Thomson aliuona mwaka mpya akiwa amebebwa kwenye machela. Na nani waliombeba? Ni wale wale aliowaita takataka.

Halafu ule ugonjwa uliomwua Johnston ukamshika yeye. Alilala wiki nyingi kwenye baridi ya Mianzini, juu ya Naivasha, akiwa mifupa mitupu, akingoja kufa. Mizigo ya vyakula ilikuwa karibu kwisha. Ndipo siku moja msafara wa Jumba Kimameta ukatokea ukirudi kutoka bara, wakaandamana tena. Mwezi wa Mei 1884 walifika Rabai, Thomson akiwa hai. Tangu waondoke pwani ulikuwa umepita mwaka mmoja na zaidi.

Mwaka wa 1884 mtaalamu Albert Günther wa jumba la makumbusho la London alimwandika swala wetu katika orodha ya sayansi kwa jina la Thomson. Mwaka wa 1885 Shirika la Jiografia likampa nishani ya dhahabu. Alikuwa na miaka 27. Baadaye alitumwa Sokoto kutafuta mikataba ya biashara, akaenda Moroko kwa hiari yake, na mwaka wa 1890 akatumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kuelekea Katanga, ambako hakufika. Mwili ulikuwa umechoka. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895, akiwa na miaka 37, bila mke wala mtoto.

Tazama tarehe hiyo vizuri. Mwaka huo huo, mwezi mmoja tu kabla ya kifo chake, Uingereza ilikuwa imetangaza nchi yetu kuwa chini ya ulinzi wake. Mwaka wa 1896 ujenzi wa reli ukaanza Mombasa, na mwaka wa 1901 reli ikafika ziwani. Thomson hakuwa na jeshi na hakuiteka nchi. Lakini ramani yake na kitabu chake viliwaonyesha wengine mlango, na walioingia baada yake hawakuwa wote na subira yake.

Sasa nije kwenye jambo linalonikereketa. Mwenzangu ninayeketi naye dawati moja anasema jina hili lifutwe, swala apewe jina la Kiafrika. Hoja yake ina uzito, maana wenyeji wa nchi hii walikuwa na majina ya mnyama huyu katika lugha zao kabla Thomson hajazaliwa. Lakini mimi naona neno likishaingia kinywani mwa watu haliondoki kwa amri. Tena Kiswahili kimemtendea Thomson wema. Diesel alipoingia katika lugha yetu alitupwa katika ngeli ya I-ZI pamoja na vitu visivyo na uhai. Thomson amebaki katika ngeli ya A-WA. Tomi amekimbia, tomi wamekimbia. Angalau bado anahesabiwa na wenye roho.

Ninachokililia mimi ni majina ya wale wengine. Tunamjua Chuma, Muhinna, Makatubu na Kimameta kwa sababu waliandikwa na wasafiri. Wapagazi wengine zaidi ya mia moja waliolala na njaa wakimbeba mgonjwa hawana mto, hawana mlima, hawana hata panya wa jina lao.

Na habari hii haiko mbali, iko hapa Eastlands. Mnaijua Kariokor, na soko lake la vyondo na nyama choma. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha vita vya kwanza vya dunia, kama vile Kariakoo ya Dar es Salaam. Waafrika walikusanywa, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na unga wa jeshi la Waingereza kuanzia mwaka wa 1914. Zaidi ya 40,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Mskoti mmoja aliyepita mara moja alipewa swala mwenye jina lake. Maelfu haya yakapewa jina moja la kugawana, tena si jina la mtu, ni jina la kikosi.

Tofauti yao na Thomson si ushujaa, kwa maana walitembea njia ndefu kama yake na mzigo juu. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na kalamu na daftari, na watu wa kuyasoma aliyoandika. Asiyeandikwa husahauliwa hata na wajukuu wake.

Kwa hivyo naomba chama chetu cha Kiswahili jambo moja. Mwaka ujao kila mwanachama amtafute mzee mmoja wa mtaa wake, iwe ni Kaloleni, Jericho, Dandora ama Kayole, aketi naye, amwulize jina lake kamili, alitoka wapi, alikuja Nairobi mwaka gani, na alifanya kazi gani. Tuyaandike katika jarida hili hili. Pengine hakuna swala atakayeitwa kwa jina la fundi wa Gikomba au mama aliyeuza samaki Shauri Moyo miaka 40. Lakini jina litakuwa limeandikwa, na sisi tunazo kalamu.

Nanyi mtakaokwenda Mbuga ya Nairobi muhula ujao, mkimwona yule mdogo mwenye mstari ubavuni, mtajua alikopata jina, na mtajua pia ni nani waliomfikisha mwenye jina hadi Rabai akiwa hai. Kwa hayo machache naweka kalamu chini.